Raisi Haiko Raisi

Darasa la Maîtresse Godelive lilikuwa sebule ya zamani ya Maman Gisèle, kule Cimpunda, mtaa wa Bukavu, kwenye nyumba ya mbao yenye madirisha mawili. Moja lilitazama mtaro, jingine lilitazama ukuta wa jirani. Watoto thelathini na mmoja walikaa juu ya mikeka. Mkubwa wao alikuwa na miaka sita. Mdogo wao, Carmel, alikuwa hajatimiza minne. Ubao ulikuwa mlango wa kabati uliopakwa rangi nyeusi.

Jumanne ile Godelive aliingia na kitabu alichopewa asubuhi na Maman Gisèle, mwenye shule. "Hii njo Kiswahili bora," alikuwa amemwambia. "Wazazi banalalamika, eti batoto banatoka hapa na Kiswahili ya soko. Uwafundishe maneno mapya." Kitabu hakikuwa na jalada, wala kurasa za mwisho. Zilikuwa zimebaki kurasa tisa zenye picha, kuhusu mtoto aliyechunga mbuzi na ambaye baadaye alikuja kuwa rais. Rais wa nchi gani, hakuna aliyejua. Katika kurasa zote aliitwa Mtoto tu.

Godelive alikuwa amekisoma peke yake mara tatu, akifuata mistari kwa kidole, kabla ya kuthubutu kukisoma mbele ya watoto. Yeye mwenyewe shule yake iliishia mwaka wa nne. Maman Gisèle alilijua hilo. Alimchukua kwa sababu ana mwandiko mzuri na hapigi watoto. Wazazi hawakulijua.

"Kila asubuhi Mtoto alifungua zizi," alisoma. "Zizi ni nini?"

Hakuna aliyejua. Alichora duara la miti ubaoni, akaweka mbuzi ndani. "Njo nyumba ya bambuzi." Akaendelea: "Mtoto huyo alikuwa mchungaji hodari."

Glody, mtoto wa fundi viatu, aliinua mkono. "Maîtresse, kumbe prezida alikuwaka pasta?"

"Mchungaji wa mbuzi, Glody."

"Bambuzi banasalia ku kanisa gani?"

Walicheka. Godelive akaandika neno la tatu kwa herufi kubwa: RAIS. Hapo ndipo ulimi wa Bukavu ulipomponza. Kule herufi h ya katikati humezwa. Rahisi husemwa raisi, sawasawa na rais, na kila mtoto wa Cimpunda analijua neno hilo kabla hajalijua jina la baba yake, maana mama zao hulitangaza sokoni kutwa nzima: nyanya raisi, mihogo raisi, majani ya sombe raisi.

"Raisi njo prezida," alisema Godelive.

Binti yake mwenyewe, Sagesse, wa miaka mitano, alikunja uso. "Prezida iko raisi? Ya bei gani?"

Darasa zima liliangua kicheko, na Godelive, ambaye hakuwa mtu wa kucheka mbele za watu, alijikuta anacheka nao. Furaha ikampanda kichwani. Ili neno liwaingie, alitunga wimbo mfupi papo hapo, na makofi yake: *Raisi haiko raisi, raisi haiko raisi.* Prezida si kitu cha bei ndogo, ndivyo alivyotaka kusema. Watoto waliudaka mara moja. Carmel alishindwa na ile "ha" ya mwanzo. Aliimba "raisi iko raisi", kwa sauti iliyowapita wote. Godelive alimsikia. Lakini saa sita ilikuwa imekaribia, wazazi wako mlangoni, akaona atamrekebisha kesho. Kesho yake akasahau.

&nbsp;

Alhamisi, Francine, mama yake Carmel, alikuja kabla darasa halijaisha. Hakuja mlangoni. Alisimama kwenye dirisha la upande wa mtaro, akaita kwa sauti ndogo.

"Maîtresse, utoke kidogo."

Godelive alitoka, chaki mkononi. "Carmel iko mugonjwa? Sikumuona leo."

"Angekuwa mugonjwa, ingekuwa muzuri."

Francine alikuwa ametoka ofisi ya serikali ya mtaa, alikokwenda kuomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Alikuwa amembeba mgongoni, wamepanga mstari pamoja na watu wengine. Juu ya ukuta wa ofisi hiyo palikuwa na msumari, na chini ya msumari alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta, pale picha ya rais ilipokuwa imetundikwa kabla mji haujatekwa na kupata wakubwa wapya.

"Akasonta kidole pale," alisema Francine. "Akaniuliza: mama, pale njo kulikuwaka raisi? Batu bote bakamuangalia. Nikamufunika na kitenge. Akaimba chini ya kitenge. Yote, Maîtresse. Na makofi."

"Nani alisikia?"

"Mumoja alicheka. Mumoja hakucheka. Ule hakucheka njo aliniuliza: wewe njo unamufundisha hii? Nikasema hapana." Francine aliangalia viatu vyake. "Nilitaja jina yako. Unisamehe. Niko na batoto ine."

Chaki ilikuwa imevunjika mkononi mwa Godelive bila yeye kujua.

"Aliuliza tena," Francine aliendelea. "Raisi gani iko raisi? Ule wa Kinshasa, ao mwingine? Ukisema huyu, iko shida. Ukisema ule, iko shida. Nikasema siyui, nitajua je, mi nauzaka samaki."

Haikupita saa moja, mtu wa pikipiki akaleta karatasi yenye muhuri wa bluu. Iliandikwa kwa Kifaransa, na jina la Godelive lilikuwa juu. Alitakiwa ofisini Ijumaa, saa tatu ya asubuhi. Maman Gisèle aliisoma akiwa ameishika mbali na uso wake, kisha akairudisha haraka kama chungu cha moto.

"Kesho niko na réunion, mukutano, kule Muhumba," alisema. "Ilipangwa tangu siku mingi, siwezi kuiacha."

"Maman, kitabu ni yenu."

"Kuko jina yangu juu yake? Useme uliiokota. Na usitaje jina ya masomo, ya shule yangu."

"Masomo haina jina, Maman."

"Voilà," alisema Maman Gisèle, akaingia ndani.

&nbsp;

Nyumbani, mama mkwe wake, Koko Bintu, alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Delphin, mume wa Godelive, alirudi kutoka karakana ya kuchomelea milango, macho mekundu kwa cheche. Alinawa mikono, akaisoma karatasi mara mbili akiwa amesimama.

"Pour affaire vous concernant," alisoma. "Affaire, jambo yenye kukuhusu."

"Affaire gani?"

"Wao hawaandikaka ile. Njo namna yao. Ufike kule umesha kujitetemesha wewe peke yako."

Godelive aliketi kwenye kigoda. Alieleza yote, kuanzia kitabu hadi kitenge cha Francine. Alipofika kwenye wimbo alishindwa kuutamka, akaonyesha makofi tu, bila sauti.

Koko Bintu hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mi nilisema. Kufundisha haiko kazi ya mutu aliachia masomo ku mwaka wa ine. Ungeuza makala, mukaa ya jiko, nani angekuita ku bureau?"

"Mama," alisema Delphin.

"Mama nini? Makala haina Kiswahili bora."

Godelive alisema labda aondoke alfajiri, aende Luhwindja kwa kaka yake Zagabe, anayechimba dhahabu huko, akae mpaka mambo yapoe. Alikuwa amelifikiria njia nzima. Aliona hata nguo atakazochukua.

"Ku barrière askari watakuuliza unaenda wapi," alisema Delphin. "Utasema nini? Na saa tatu wasipokuona, watakuja hapa. Watabeba mimi. Wakikosa mimi, watabeba mama."

"Banibebe," alisema Koko Bintu. "Nitawaambia mi sikusoma hata mwaka mumoja." Lakini vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya maharagwe.

Kila mmoja alikuwa anawaza chumba kilekile cha kufungia watu, ambacho hakuna aliyewahi kukiona na ambacho wote walikuwa wamesikia habari zake. Kuna watu mtaani walioitwa wakarudi jioni. Kuna walioitwa, na mpaka leo wake zao bado wanapeleka chakula kwenye geti na kurudi nacho. Godelive alimtazama Sagesse, aliyekuwa anachora mbuzi kwa kijiti kwenye vumbi la kizingiti. Nani angemsuka nywele? Delphin hakujua hata kumfunga viatu.

Delphin alimwita mtoto, akamkalisha kwenye goti. "Sagesse, sikia papa. Ile neno ya ku masomo, usiiseme tena. Ku barabara, kwa jirani, hata hapa."

"Neno gani, papa?"

Delphin alifungua mdomo, akaufunga. "Ile mpya."

"Zizi?"

"Apana."

"Mchungaji?"

"Ile ingine."

"Raisi?"

Delphin alitazama mlangoni. Kisha akaweka kidole juu ya midomo yake, na Sagesse, akidhani ni mchezo, akaweka chake. Akafikiri kidogo.

"Na mihogo? Mihogo ikikuwa raisi, tutasema je?"

Koko Bintu akatikisa ungo. "Tutasema iko ya bei muzuri," alisema. Delphin alicheka kidogo puani. Koko Bintu mwenyewe hakucheka.

&nbsp;

Walifika ofisini saa mbili na nusu. Delphin aliambiwa abaki nje, penye mawe. Godelive alikalishwa kwenye benchi, kitabu amekifunga kwenye kitambaa, mpaka saa tano. Watu walioingia walimtazama kisha wakaitazama ile alama nyeupe ukutani.

Aliyemwita alikuwa afisa kijana, mdogo kuliko Delphin, mwenye koti safi. Kwenye meza ya pembeni, nyuma ya daftari kubwa, alikaa Muzee Cirhuza, aliyekuwa karani pale enzi za wakubwa waliopita, na za waliokuwapo kabla ya hao. Nyumba yake ilikuwa kwenye avenue iliyo juu ya kwao Godelive. Godelive alimsalimu. Muzee aliitikia kwa kichwa, kama hamfahamu.

"Wewe njo Godelive?"

"Ndiyo, papa."

"Nasikia uko na wimbo. Imba."

Alidhani hakusikia vizuri. Kijana alijiegemeza kwenye kiti. "Imba. Na mikono. Nasikia iko na mikono."

Aliimba. Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika katikati. Makofi yake hayakutoa mlio. Askari aliyesimama mlangoni aligeuka kutazama.

"Sisikii."

Akaimba tena, machozi yamejaa lakini hayajaanguka. *Raisi haiko raisi.*

"Haiko?"

"Haiko, papa. Ule mutoto iko na miaka tatu. Ile 'ha' inamushinda."

"Na raisi gani huyo, mwenye haiko raisi?"

Swali lilikuwa limefika. Usiku kucha Godelive alikuwa amelizungusha kichwani bila kulipatia jibu. Alifungua kitambaa, akakiweka kitabu mezani kwa mikono miwili. "Siyui, papa. Jalada ilikatika. Imeandikwa tu Mtoto."

"Unafundisha batoto prezida mwenye haujue jina?"

"Niliona ni habari ya mbuzi."

Askari alikohoa kuficha kicheko. Kijana alivuta kitabu, akakipekua kutafuta jina, ramani, bendera. Hakuna. Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma, midomo ikichezacheza. Alisoma habari ya zizi. Alisoma habari ya umande miguuni mwa Mtoto. Kwenye ukurasa wa tisa alisoma kwa sauti, pengine bila kukusudia: "Mvua ilianza kunyesha. Mbuzi mmoja hakuonekana. Mtoto alisimama akawaza, nikirudi bila yeye, Baba atasema nini?"

Aligeuza. Hapakuwa na kitu.

"Na kisha?"

"Ilikatika pale, papa."

"Hakumuona?"

"Siyui."

Kijana alikitazama kitabu kama mtu aliyeibiwa. Alikifunga, akakiweka upande wake wa meza. Uso wake ukarudi ulivyokuwa.

"Diplôme yako iko wapi?"

Hilo Godelive hakuwa amelitayarisha. "Sina, papa."

"Ulifika wapi?"

Dirisha lilikuwa wazi, na nje watu walikuwa wamepanga mstari. Wengine ni wa Cimpunda. Alisema polepole. "Mwaka wa ine."

"Wa secondaire?"

"Wa primaire."

Askari sasa alicheka wazi. Kijana naye alitabasamu kwa mara ya kwanza, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyepata njia ya kumaliza kazi mapema. "Mwaka wa ine. Na njo anafundisha Kiswahili bora." Akamgeukia karani. "Muzee, andika. Huyu hajue kusoma. Alisikia neno, akalitupia batoto vile alilisikia. Mutu kama huyu hawezi kutukana mukubwa, hata akitaka. Aweke alama, aende."

Muzee Cirhuza aliandika bila haraka. Alipomaliza, aligeuza karatasi na kuisukuma mbele ya Godelive. Ilikuwa kwa Kiswahili, na Godelive aliisoma yote: *Mimi Godelive, nisiyejua kusoma wala kuandika, nakubali kwamba sikuelewa maana ya neno nililolisema.*

Alichukua kalamu. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Kitu kimoja ambacho watu wote walimsifia ni mwandiko. Hata Koko Bintu alimpelekea barua zake amwandikie. Ncha ya kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi pale mkono wa mzee, wenye mishipa iliyosimama, ulipokuja na kuitoa kalamu vidoleni mwake taratibu.

"Kidole, maman," alisema Muzee Cirhuza, akimsogezea kisahani cha wino. Kwa mara ya kwanza alimtazama machoni. "Mutu hajue kuandika, anawekaka kidole."

Kijana alikuwa anatazama simu yake.

Godelive alielewa. Jina moja tu, likiandikwa vizuri, lingemrudisha kwenye benchi, au mahali pabaya kuliko benchi. Alitoa kidole gumba. Mzee alikishika, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akakishikilia kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Na kitabu?" aliuliza Godelive.

"Itabaki hapa," alisema kijana, bila kuinua kichwa.

Nje, Delphin aliruka kutoka kwenye mawe. Alimshika mabega, akamtazama uso, shingo, mikono. "Bamekufanya nini?"

Godelive alimwonyesha kidole. "Hakuna kitu," alisema. "Banasema sijue kusoma."

Delphin alishusha pumzi. "Nyamuzinda Mungu asifiwe," alisema, na furaha yake ndiyo iliyomwumiza Godelive kuliko lile cheko la askari.

&nbsp;

Jumatatu walikuja watoto kumi na tisa. Habari ya mwaka wa nne ilikuwa imefika Cimpunda kabla yake. Kina mama wawili waliokuwa wakimwita Maîtresse sasa walimwita Godelive tu. Francine alimleta Carmel mwenyewe, akamsukuma ndani, akaondoka bila kusalimia. Maman Gisèle, ambaye réunion yake ilikuwa imekwisha salama, alichungulia mlangoni. "Hii wiki hakuna maneno mapya. Hesabu tu. Mpaka nitafute mwalimu wa kweli," alisema, akatoka.

Wino ulikuwa haujatoka. Alikuwa amekisugua kidole kwa sabuni, kwa jivu, kwa limau. Ulikuwa umebaki kwenye mistari ya ngozi na pembeni mwa ukucha. Aliandika moja na moja ubaoni, kidole amekikunja ndani.

"Maîtresse," aliita Glody. "Mbuzi alionekana?"

"Tunafanya hesabu, Glody."

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema mwingine, kwa kulaumu. Na kweli, tangu alipowasomea ukurasa wa mwisho, walikuwa wamemwacha mbuzi kwenye mvua.

Godelive alitazama mlango. Alisogea akaurudisha, akaketi mkekani katikati yao. Hakuwa na kitabu, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili chake.

"Alimutafuta. Alienda mpaka ku mutaro, hakuna. Akaenda nyuma ya muti ya avoka, hakuna. Analia, lakini anatembea. Kisha akasikia sauti kadogo, chini ya majani. Mbuzi ilikuwa imeingiza muguu mu shimo. Akaitoa, akaibeba ku mabega. Akafika usiku. Papa yake iko anasimama ku zizi."

"Akamupiga?" aliuliza Sagesse.

"Hakumupiga. Alihesabu bambuzi, akaona zote ziko. Akamupa chakula."

Watoto walipumua. Mmoja aliuliza ni chakula gani. Akasema ugali na sombe, wakaridhika.

"Na kisha akakomaa," alisema Glody.

"Ndiyo. Akakomaa."

"Akakuwa nani?"

Godelive hakuhitaji kutafuta jibu. Carmel, ambaye hajui kutamka "ha", alikuwa amegeuza kichwa kutazama dirishani. Aliporidhika kwamba hakuna mtu, aliinua kidole chake kidogo, akakiweka juu ya midomo. Sagesse akaweka chake. Kisha Glody, kisha mstari wa nyuma, mmoja baada ya mwingine, mpaka vidole kumi na tisa vikasimama mbele ya midomo kumi na tisa. Hakuna aliyewafundisha jambo hilo katika darasa hili. Kila mmoja alijifunza kwao, kwa papa yake na maman yake, na walilijua vizuri kuliko zizi.

Godelive aliinuka, akafuta moja na moja. Aliandika polepole, kwa ule mwandiko wake mzuri, na mara hii hakukunja kidole: MBUZI.

"Tuseme bote," alisema.

"Mbuzi," walisema, kwa kunong'ona.